Rubani wa meli akikosea, nani anamwita ajieleze?

Mama Lusajo (Kyela) ameuliza:

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba mnisaidie, hasa wenye uzoefu wa meli na bandari, maana hapa nyumbani kila ninayemuuliza ananijibu habari za ndege.

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele Kyela mjini. Mwanangu wa kwanza yuko mwaka wa mwisho Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Wiki iliyopita alinipigia simu akasema, "Mama, nikishatimiza miaka yangu ya baharini nataka kuwa rubani." Nilidhani ameachana na meli. Akanieleza taratibu kwamba rubani alikuwa mtu wa bahari kabla ndege haijawahi kuruka. Ni mwenyeji wa bandari. Anaifuata meli ngeni huko nje, anapanda, anamwongoza nahodha kati ya mafungu na miamba mpaka gatini, kisha anashuka kwenda kungoja nyingine. Nilifurahi sana. Usiku wake sikulala.

Sababu ni hii. Miaka mitano iliyopita nilipakia magunia 14 ya mchele na vyungu vya Ikombe kwenye boti la mbao pale Matema, Ziwa Nyasa, tunakwenda Lupingu. Mnaoijua njia ile mnajua hakuna barabara, milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, ni boti au ubaki nyumbani. Mwendesha boti alikuwa kijana wa mwambao uleule na watu walimsifu. Jioni kusi ikaanza kuvuma. Tulipokaribia kutua giza lilikuwa linaingia na yeye anaongea na simu, mkono mmoja kwenye injini. Boti likapanda mwamba. Sauti yake naikumbuka, kama mtu anapasua kuni mbichi chini ya miguu yako. Mama mmoja alivunjika mguu. Mimi niliokoa magunia mawili tu, na vyungu vyote viligeuka vigae. Tulitoka hai kwa sababu maji pale yalikuwa ya kiunoni.

Kesho yake asubuhi nikamwona kijana yuleyule anapakia abiria kwenye boti jingine. Nikamfuata kiongozi mmoja wa pale, nikamuuliza kama kuna mtu atakayemwita huyu kijana ajieleze. Akanijibu, "Mama, shukuru Mungu mko hai."

Mungu namshukuru kila siku. Ila swali langu nimekaa nalo miaka mitano, na sasa mwanangu anataka kazi ya kushika vyombo vya watu, vikubwa kuliko lile boti mara elfu. Lusajo ananiambia kule Marekani rubani anapewa hati na gavana wa jimbo, na kuna bodi inayoweza kumnyang'anya. Naomba kujua: rubani akiigongesha meli, nani anamwita? Nahodha? Bandari? Serikali? Na huyo anayemwita anafahamu kazi yenyewe, au anafoka tu?

---

Dereva wa Tunduma:

Pole sana mama yangu kwa yaliyokukuta, na hongera kwa kumsomesha kijana.

Mimi si mtu wa maji. Naendesha lori, Dar kwenda Tunduma, huu mwaka wa 17. Lakini hiyo kazi ya rubani uliyoeleza nimeielewa mara moja, maana nimewaona madereva wageni wakifika mteremko wa Kitonga kwa mara ya kwanza. Gari zuri, breki nzima, dereva mzoefu wa kwao, lakini ile kona ya chini haijui. Anaingia na gia kubwa, akishtuka mabreki yameshachemka. Wangekuwa wanapewa mwenyeji wa kuwashusha, kuna watu wangekuwa hai leo.

Ninachotaka kuuliza wataalamu ni hiki. Mimi nikikosea, trafiki anachukua leseni palepale barabarani. Nikiua, nalala mahabusu siku hiyohiyo, na bosi wangu hana kauli. Wenzetu wa mabasi wamefungiwa kifaa, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanaona mwendo wao wakiwa ofisini. Meli ikigonga, redioni nasikia nahodha, nahodha. Rubani simsikii. Yeye halindwi na mtu kweli?

---

Mzee wa Ipinda:

Mama Lusajo, ndaga fijo kwa kuuliza jambo hili hadharani. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Nimestaafu. Nina kakao na mpunga kidogo hapa Ipinda. Kabla ya hapo nilikaa baharini na bandarini miaka 31, na 16 ya mwisho nilikuwa rubani wa meli. Nimefanya kazi bandari zaidi ya moja, ndani na nje ya nchi yetu, na kwa sababu ya jambo nitakalolieleza hapa chini sitasema lilitokea ipi.

Nianze na dereva. Humsikii rubani redioni kwa sababu ya sheria yenyewe ya bahari. Rubani akishapanda, nahodha habadiliki kuwa abiria. Amri ya meli inabaki kwake, rubani ni mshauri anayeijua njia. Mimi nasema "kulia digrii 10", mshika usukani anarudia neno langu na kuzungusha, nahodha amesimama hatua mbili kutoka kwangu na ana haki ya kunikatiza wakati wowote. Mfereji wa Panama ndiko rubani anashika uongozi kamili wa mwendo wa meli, lakini kwingi duniani mambo ni kama nilivyosema. Kwa hiyo meli ikigonga, wa kwanza kutafutwa ni nahodha na mwenye meli. Ila rubani naye ana lake. Nahodha wa kigeni anayeingia Dar es Salaam, pale njia inapobana na vivuko vya Magogoni na Kigamboni vinakatiza mbele ya pua ya meli, anafuata neno la rubani kwa sababu hana lingine la kufuata. Mtu mwenye neno zito namna hiyo lazima awe na wa kumuuliza.

Kazi yenyewe ilivyo. Unatoka na boti dogo, usiku au mchana, mpaka pembeni mwa meli inayotembea. Ngazi ya kamba imeshushwa ubavuni. Unaishika boti likiwa juu kabisa ya wimbi. Ukiishika likiwa chini, wimbi linalofuata litalipandisha boti na kukuponda miguu. Kanuni za kimataifa zinasema kimo kutoka majini mpaka sitaha kikizidi mita 9, ngazi ya kamba peke yake hairuhusiwi, lazima iunganishwe na ngazi ya pembeni. Nimekuta meli zilizofuata hilo, na nimekuta kamba zilizooza, vipago vimefungwa kwa waya. Ukifika juu wanapandisha bendera yenye nusu nyeupe na nusu nyekundu, maana yake rubani yumo. Usiku ni taa nyeupe juu ya nyekundu. Kisha dakika chache unazungumza na nahodha: meli imezama kina gani, injini inachukua muda gani kurudi nyuma, ina kasoro yoyote? Mengi yaliyoharibika duniani yaliharibikia kwenye dakika hizo, watu walipoona aibu kuulizana.

Sasa jambo langu mwenyewe.

Ilikuwa usiku, meli ya mizigo, urefu wake unakaribia mita 190. Nilikuwa nimemaliza zamu moja na kuunganishwa na nyingine kwa sababu mwenzetu alikuwa na msiba. Tulipewa tagi mbili, yaani boti zenye nguvu za kuivuta na kuisukuma meli gatini, na moja kati yake sisi wote tulijua injini yake inachelewa kuitika. Tulishalisema kwa mdomo mara nyingi. Nilichelewa kupunguza mwendo. Nilipoiamuru ile tagi ivute, ilikaa kimya kwanza, na kwa meli ya ukubwa ule kimya kidogo ni kingi. Ubavu ukagusa gati. Mpira wa kinga ukakatika, bati la meli likabonyea urefu wa kama mita tatu. Hakuumia mtu. Kosa la mwendo lilikuwa langu, na hilo silikwepi.

Asubuhi saa mbili mkubwa wangu akaniita. Nilienda nimejiandaa kueleza kila kitu. Nikakuta karatasi ya taarifa imeshachapwa, imebaki sahihi yangu. Sababu ya ajali: upepo wa ghafla. Usiku ule hapakuwa na upepo. Bendera ya meli ilikuwa imelala kwenye mlingoti kama kitambaa cha jikoni. Mkubwa akaniambia, "Weka hapo, ukalale, umechoka." Nikaweka sahihi.

Kwa nini aliniokoa? Kwa sababu yeye ndiye aliyepanga zamu yangu mbili mfululizo, na ile tagi ilikuwa chini ya idara yake. Angeniuliza mimi, naye angeulizwa. Baada ya miezi minane mwenzangu akaleta meli kwenye gati lilelile na tagi ileile. Safari hii kamba ilikazwa kwa ghafla ikakatika, ikampiga kijana mfunga kamba. Vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilimkuta hospitali na sikuweza kumtazama usoni. Kama ile karatasi ya kwanza ingesema ukweli, tagi ile ingekuwa imetolewa kazini.

Mama, hilo ndilo jibu langu kwa swali lako. Anayempa rubani zamu na vifaa asiwe ndiye anayemhukumu. Ukali wa adhabu unakuja nyuma ya hapo. Unaweza kuandika sheria ya kumfuta kazi rubani siku hiyohiyo, lakini kama aliyeishika kalamu ndiye mwenye tagi mbovu, utaandikiwa upepo kila mwaka.

Lusajo amesema kweli kuhusu Marekani. Kule meli za kigeni zinachukua marubani walioidhinishwa na majimbo, kila jimbo lenye bandari lina utaratibu wake. California ina bodi ya marubani wa ghuba ya San Francisco tangu mwaka 1850. Wajumbe wake ni saba: wawili ni marubani, wawili wanatoka upande wa wenye meli, watatu ni wananchi wasio na upande. Gavana anawateua. Huo mpangilio niliupenda tangu niliposoma habari zake. Marubani wawili wanatosha kueleza kazi ilivyo, lakini peke yao hawatoshi kumficha mwenzao.

Novemba 7, 2007 meli ya makontena iitwayo Cosco Busan iliondoka Oakland kwenye ukungu mzito ikagonga nguzo ya daraja la Bay Bridge. Zaidi ya lita 200,000 za mafuta zikamwagika, ndege wa baharini wakafa kwa maelfu. Wachunguzi wa taifa walipochimba waligundua kwamba rubani alikuwa anatumia dawa za hospitali ambazo zilipunguza uwezo wake wa kufikiri, na kwamba waliopaswa kuangalia afya yake kabla ya kumwongezea ruhusa hawakuangalia inavyotakiwa. Rubani yule alihukumiwa kifungo cha miezi 10 mwaka 2009. Watu wengi wanakumbuka kifungo. Mimi nakumbuka zile dawa. Daktari mmoja mkali mwaka mmoja kabla angezuia yote hayo.

Na pia tusimtupie rubani kila kitu. Machi 26, 2024 meli iitwayo Dali ilipoteza umeme ikitoka Baltimore, ikaangusha daraja la Francis Scott Key, na mafundi sita waliokuwa wanaziba mashimo barabarani juu yake walifariki. Marubani waliokuwa melini walipoona taa zimezimika walitoa taarifa ya hatari mara moja, na polisi wakafunga daraja magari yasiingie. Sekunde zile ziliokoa watu. Uchunguzi wa kweli unamtambua rubani aliyekosea na aliyefanya vyema, na wote wawili wanauhitaji.

Kwetu: marubani wa bandarini ni wa Mamlaka ya Bandari, TPA. Usalama wa vyombo na vyeti vya mabaharia viko kwa TASAC, wakala wa meli wa serikali, iliyochukua mambo ya majini kutoka SUMATRA, msimamizi wa zamani wa usafiri, mwaka 2018. Kutenganisha mwajiri na mkaguzi ni jambo jema, na linatakiwa kulindwa kama mboni ya jicho. Shirika la Bahari la Kimataifa nalo, kwenye mapendekezo yake ya mwaka 2003 kuhusu marubani, linataka mamlaka husika ijiridhishe angalau kila baada ya miaka mitano kwamba rubani bado anayo afya na maarifa mapya ya njia yake. Miaka mitano. Mchanga hausubiri miaka mitano, mnajua wenyewe bandari yetu ya Itungi ilivyojaa mpaka meli zikahamia Kiwira.

---

Wakili wa Gangilonga (Iringa):

Mzee, nimesoma mara mbili. Pole kwa mzigo huo, na asante kwa kuuweka wazi.

Naongeza upande wa sheria, maana mfano wa Marekani una funzo la pili. Bunge lao liliacha mambo ya marubani mikononi mwa majimbo tangu mwaka 1789, likiwa ndiyo kwanza linaanza kazi. Ndiyo maana hata leo kuna mikono miwili: Walinzi wa Pwani wa serikali kuu wanatoa leseni yao, na jimbo linatoa yake. Mwaka 1974 mahakama ya rufaa kule ilisema kwamba rubani akiwa anaongoza meli ya kigeni kwa leseni ya jimbo, Walinzi wa Pwani hawana mamlaka ya kumsimamishia leseni ya serikali kuu kwa kosa alilofanya katika kazi hiyo. Kwa hiyo bodi ya jimbo ikilala, hakuna mwingine wa kuamka kirahisi kwa niaba yake.

Na bodi inaweza kulala. Louisiana, kwenye mto Mississippi, gavana ndiye anayetoa hati kwa marubani. Lakini ili ufike kwa gavana lazima upitishwe na bodi, na wajumbe wa bodi walikuwa marubani haohao. Lazima pia umalize miezi sita ya uanagenzi chini ya rubani aliyepo, na rubani aliyepo ndiye anayechagua amfundishe nani. Watu wenye uzoefu wa miaka 15 na zaidi wa kuongoza vyombo walinyimwa nafasi, huku ndugu na marafiki wa marubani wakipita. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ilisema jimbo halijavunja Katiba. Wengi wa majaji waliona kazi hii ni ya kipekee, na kufundishana ndani ya familia na jamii ileile kunaweza kuwa na faida yake kwa usalama.

Mimi nasimama na wale wanne. Ukishaingiza ndugu kwa ndugu, siku ya nidhamu nani atamhukumu mjomba wake? Louisiana wenyewe walikuja kuunda bodi nyingine ya juu ya kuwasimamia marubani, mwaka 2004. Miaka 57 baada ya hukumu ile.

Jambo moja namwomba mzee asilisahau, na Dereva pia. Rubani anayeitwa ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kwetu imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a). Kumsimamisha kwa muda wakati uchunguzi unaendelea ni sawa, kwa kuwa kesho kuna meli nyingine na watu wengine. Kumfutia leseni moja kwa moja bila kumsikiliza ni jambo lingine. Na ukimtisha mtu mno, hatasema kweli. Ile karatasi ya upepo inaandikwa na hofu pia, haiandikwi na ujanja tu.

---

Dereva wa Tunduma:

Wakili hapo umenigusa. Sisi tukipata ajali wa kwanza kukimbia ni dereva, na akishakimbia hakuna atakayejua kama breki zilikuwa mbovu tangu gereji. Anayejua amejificha porini.

Mzee, na kile kifaa? Meli haina kitu cha kurekodi?

---

Mzee wa Ipinda:

Ipo, kijana wangu. Meli kubwa za safari za kimataifa zina kinasa safari. Kinarekodi mwendo, mwelekeo, rada, na sauti za watu pale kwenye usukani. Mimi siku zangu za mwisho nilikuwa najua kila neno ninalosema linaingia humo, na lilinifanya niseme vizuri zaidi. Ila kumbukumbu haikai milele. Ina muda wake, na kipya kinafuta cha zamani kama hakuna mtu aliyebonyeza kuihifadhi. Kwenye vinasa vya zamani, uchunguzi ukichelewa siku tatu, unakuta safari nyingine kabisa. Ndiyo maana anayechunguza lazima afike akiwa mgeni na afike mapema. Ile meli yangu iling'oa nanga kesho yake jioni. Hakuna aliyepanda kuuliza.

Wakili, nakubaliana nawe kuhusu hofu, nami nitasema zaidi. Sikuogopa kufukuzwa usiku ule. Niliogopa kumwaibisha mkubwa aliyenifundisha kazi. Alinishika mkono nikiwa kijana, akanionyesha boya kwa boya. Mambo ya undugu uliyoyasema ya Louisiana hayahitaji damu. Ukila chungu kimoja na mtu miaka kumi, ameshakuwa mjomba wako.

---

Mama Lusajo:

Nimesoma yote nikiwa dukani, wateja wamenigombeza. Mzee, Mungu akubariki kwa kusema lile la bendera. Najua halikuwa jepesi.

Nimempigia Lusajo nikamsomea neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mama, muulize yule mzee, kama ningekuwa mimi asubuhi ile, miaka 30, bosi ndiye mwalimu wangu, ningefanyaje?" Nimeshindwa kumjibu, nimeleta kwako.

Na mimi nina langu dogo. Wenye meli kubwa wana bodi na vinasa. Kwenye mwambao wetu huku, kuanzia Matema kushuka Lupingu, Manda mpaka Liuli, sisi tunaopanda maboti ya mbao na magunia yetu, anayemwita yule kijana wa simu ni nani?

---

Mzee wa Ipinda:

Nianze na lako mama, maana ni fupi. Vyombo vidogo navyo ni vyombo. Kuvisajili na kuvikagua, ziwani kama baharini, ni kazi ya TASAC. Ulipoambiwa umshukuru Mungu, hiyo ilikuwa sala, bado taarifa haijatolewa. Andika leo. Tarehe, mahali, jina au namba ya boti, ilikuwa saa ngapi, nani aliumia, mwendeshaji alikuwa anafanya nini mkono wake mwingine. Yule mama wa mguu naye aandike yake, msikae pamoja mkiandika, kila mmoja aeleze alichokiona. Miaka mitano imepita, sawa. Lakini kijana yule kama bado anaendesha, abiria wake wa kesho hawajapita. Wala usiandike kwamba afungwe. Andika aitwe, aulizwe, afundishwe, na kama hafundishiki aondolewe kwenye injini. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, hatua chache tu kabla ya kutua, zaidi ya watu 220 wakafa. Na meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, ilizama ikiwa inakaribia Mwanza. Watu wetu wanakufa wakiwa wanakaribia nchi kavu.

Sasa la Lusajo. Nimelikalia tangu jana usiku.

Nisingemwambia amgombeze mkubwa wake. Asingeweza, na mimi nisingeweza. Ningemwambia aombe karatasi nyingine tupu. Aseme hivi kwa heshima: "Mzee, hii nimeiona, naomba niandike na yangu kwa mkono wangu." Basi. Aandike mwendo aliokuwa nao, saa aliyoamuru tagi, saa ilipoitika, zamu yake ilianza lini. Kosa lake aliandike la kwanza kabisa, juu, kabla ya tagi na kabla ya zamu, maana ukianza na makosa ya wengine hakuna atakayekuamini ukifika kwenye lako. Atie sahihi, atoe nakala mbili, moja abaki nayo. Pengine watamnyima gari la kumrudisha nyumbani siku hiyo, pengine atapangwa usiku mwezi mzima. Mimi ningelipia vidole vya yule kijana kwa bei hiyo, na ningebaki na chenji.

Na kabla ya siku kama hiyo haijafika, aanze daftari lake mwenyewe. Kila meli atakayopanda, hata akiwa mwanafunzi wa kumfuata rubani mkubwa: jina la meli, kina, upepo, maji yanajaa au yanakupwa, tagi zipi, kilichokwenda vizuri, kilichonusurika. Hasa kilichonusurika. Meli iliyopita mita 20 kutoka kwenye fungu haiandikwi na mtu yeyote, na ndiyo inayokufundisha zaidi.

Akija likizo mlete Ipinda. Kutoka Kyela si mbali, akifika njia panda aulize mzee wa kakao, watamleta. Nina madaftari 11 kwenye sanduku la bati, nimeyahifadhi na majani ya mwarobaini mchwa wasiyale. Ampitishie macho lile la saba. Asubuhi ile nilipofika nyumbani baada ya kutia sahihi sikulala. Niliandika kurasa mbili, ilivyokuwa kweli, na bendera ilivyolala. Hakuna aliyewahi kuzisoma zaidi ya mke wangu.

---

Mama Lusajo:

Anaingia Jumamosi na basi la usiku. Jumapili baada ya ibada tutakuwa kwako, mzee. Barua ya boti nimeianza, nimefika pale mkono wa kushoto ulipokuwa umeshika simu.